Kijiko Kilicholika Ukingo

Wahenga waliacha methali mbili ambazo hazipatani. Moja yasema, "Ya kale ni dhahabu", ya pili yajibu, "Kipya kinyemi, kingawa kidonda." Aghalabu mja huchagua moja kati ya hizo kwa kadiri ya haja yake ya siku hiyo, nyingine akaiacha ipumzike. Lakini pana mahali ambapo methali hizi mbili hulazimishwa kukaa chini ya dari moja, napo ni soko la vijiko vya kale vya fedha, hasa vile vilivyofuliwa Uingereza. Mnunuzi wa hapo hutaka kijiko kiwe na umri wa miaka mia mbili na hamsini, na papo hapo kiwe na mwili wa kijiko kilichotoka jana mikononi mwa sonara.

Mjuzi wa vijiko hivi akikabidhiwa kimoja, hukiinua kwenye mwanga na kuitazama kwanza ile sehemu ya kuchotea, penye ncha. Kijiko kilichotumika sana hulika upande wa kushoto wa ncha hiyo. Sababu yake ni nyepesi: watu wengi hula kwa mkono wa kulia, na kila wanapokwangua sahani, upande huo ndio unaogusa. Fedha ni madini laini. Baada ya vizazi vitatu au vinne vya supu na uji, ukingo uliokuwa na umbo la yai hukaa upogo, kama mwezi ulioanza kupungua. Mjuzi hutikisa kichwa, na bei hushuka. Kijiko pacha, kilichofuliwa siku hiyohiyo na fundi yuleyule, lakini kikafungwa kitambaani na kusahauliwa sandukuni bila ya kumlisha mtu yeyote, bei yake hupanda.

Je, hii ni haki? Kijiko kile cha kwanza kina kosa gani, isipokuwa kwamba kimefanya kazi ambayo ndiyo sababu ya kufuliwa kwake? Swali hili laonekana dogo, la watu wenye nafasi na kabati za vioo. Lakini chini yake limelala swali kubwa zaidi: binadamu hukipima kwa mizani gani kitu kilichotumika, na hatimaye mtu aliyetumika?

Kabla ya kujibu, yafaa kukitazama kijiko chenyewe kilikotoka. Majina yake katika lugha mbalimbali husimulia asili na kazi yake, si uzuri wake. Neno la kale la Kiingereza lililozaa jina lake lilimaanisha kibanzi cha mti. Warumi walikiita cochlear, jina lililotokana na konokono na gamba lake. Waarabu hukiita kwa neno lenye asili moja na kitendo cha kulamba. Na Waswahili waliuchukua mwiko wa kusongea, wakaupunguza umbo, wakapata kijiko, kama vile mwana alivyozaa kijana. Kibanzi, gamba, ulimi, mwiko: hakuna hata jina moja kati ya hayo linalotaja fedha wala nakshi. Kijiko kilikuwa kazi kabla ya kuwa pambo.

Hata fedha ilipoingia, umbo liliongozwa na mkono na mdomo, ijapokuwa mitindo ilijitia kati. Kijiko cha Uingereza cha karne ya 15 na ya 16 kilikuwa na sehemu ya kuchotea iliyofanana na tini, nyembamba penye mpini na pana penye ncha. Mpini wenyewe ulikuwa mwembamba, aghalabu wenye pembe sita, na ulimalizikia kwa kifundo: simba aliyeketi, kichwa cha mwanamwali, au sanamu ya mmoja wa mitume wa Kikristo. Vijiko vya mitume vilikuwa zawadi ya ubatizo. Tajiri aliweza kumtunza mtoto seti nzima ya vijiko 12, na cha 13 chenye sura ya Yesu; mwenye uwezo mdogo alitoa kimoja tu.

Katikati ya karne ya 17, Wapuritani waliposhika hatamu za nchi hiyo, kifundo kiliondoka. Mpini ukawa bapa, mtupu, usio na sanamu. Ufalme uliporejea mwaka 1660 ulikuja mtindo uliotoka Ufaransa, wa mpini mpana wenye mikato miwili mwishoni, mfano wa ukwato wa paa. Sehemu ya kuchotea nayo ikaacha umbo la tini na kushika umbo la yai. Mgongoni mwake pakapita mfupa mwembamba, ulioitwa mkia wa panya, wa kutia nguvu pale mpini unapoungana na mwili. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 mwisho wa mpini ulipinda juu, na vijiko vikalazwa mezani kifudifudi. Kwa hivyo nembo za koo zilichongwa mgongoni. Kuanzia yapata 1760 mpini ukapinda chini, vijiko vikalazwa chali, na nembo zikahamia usoni. Mwanzoni mwa karne ya 19 ukaenea mpini wenye mabega kama ya fidla.

Atakayeifuatilia historia hii kwa makini atagundua jambo moja. Mara tu umbo la yai lilipopatikana, sehemu ya kuchotea karibu haikubadilika tena. Kilichobadilika kila kizazi ni mpini. Mpini hufuata macho ya wageni, na sehemu ya kuchotea hufuata mdomo wa mlaji, nao mdomo hauna mitindo. Basi hebu ifikiriwe: sehemu hiyo isiyojua kujionyesha ndiyo inayolika, na ndiyo inayoshusha bei. Mpini, uliokuwa ukitazamwa tu, hubaki na nakshi zake na kusifiwa.

Kiswahili hakikukosea kuyaita madini haya na pesa kwa neno moja. Kijiko cha fedha kilikuwa akiba. Mtindo ulipopitwa, au vita vilipozuka, kilirejeshwa kwenye tanuri. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, vilivyoanza mwaka 1642, vyombo vingi mno viliyeyushwa ili askari wapate kulipwa. Kwa hivyo kila kijiko kilichosalia kutoka zama hizo kimesalia kwa sababu mtu fulani, kwa mapenzi au kwa kusahau, hakukipeleka motoni.

Kilichosalia hubeba pia maandishi. Sheria ya mwaka 1300 iliagiza fedha ya Uingereza ipimwe na kugongwa muhuri wa kichwa cha chui. Mwaka 1363 kila fundi alitakiwa awe na alama yake mwenyewe, na tangu 1478 London iliongeza herufi inayobadilika kila mwaka. Kwa mihuri hiyo mtu wa leo aweza kumjua aliyekifua kijiko na mwaka kilipopimwa. Ndiyo maana jina la Hester Bateman halikupotea. Alikuwa mjane wa London aliyefiwa na mumewe mwaka 1760; mwaka uliofuata alisajili alama yake, herufi H na B za mwandiko wa mkono, akaiendesha karakana ambayo vijiko vilikuwa miongoni mwa kazi zake nyingi. Alifariki mwaka 1794, lakini herufi zake mbili bado zasomeka katika vyombo vilivyotawanyika duniani.

Hata hivyo, ipo mikono mingine iliyoacha alama juu ya vijiko hivyo, nayo haikusajiliwa popote. Fedha ikikaa hewani huingia weusi. Ili ing'ae mbele ya wageni ilibidi isuguliwe, na kazi hiyo ilikuwa ya watumishi wa nyumba, kwa unga wa chaki na kitambaa, juma baada ya juma, mwaka baada ya mwaka. Kila kusugua huondoa utando mwembamba usioonekana. Ndiyo sababu mihuri ya vijiko vingi imefifia na nembo zake zimekuwa kivuli. Kwa hivyo kijiko kimoja kina maandishi ya watu wawili: fundi aliyegonga chuma kikaingia ndani, na mtumishi aliyesugua mpaka pakapungua. Maandishi ya kwanza yana jina. Ya pili hayana, kwa kuwa yenyewe ni upungufu. Soko huyalipa yale ya kwanza, na haya ya pili huyatoza faini.

Na si watumishi wa nyumba peke yao. Kijiko cha chai cha karne ya 18 kilikoroga sukari, na sukari hiyo ilitoka kwa wingi katika visiwa vya Karibi, kwa jasho la Waafrika waliofanywa watumwa. Sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa katika makoloni yake ilipitishwa mwaka 1833 na kuanza kutumika mwaka 1834. Msomaji wa visiwa vya karafuu hahitaji kuelezwa sana maana ya utamu uliotoka katika mikono isiyotajwa. Kijiko hakina hatia ya mwenye kukishika. Lakini anayekisifia weupe wake bila ya kuuliza alichokichota, sifa zake zimeishia kwenye mpini.

Inafaa, hata hivyo, kumsikiliza mkusanyaji, maana naye ana hoja. Kijiko kilicholika, atasema, husema uongo kuhusu fundi wake. Mstari aliouchora hauonekani tena; uzito aliouweka umepungua; mizani ya mpini na mwili imevurugika. Anayetaka kujua vijiko vya mwaka 1680 vilikuwa na umbo gani hana budi kukitafuta kile kilichosahauliwa sandukuni. Bila ya yule bahili aliyekificha, historia ya maumbo isingeandikika. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa kwa maneno matamu kuhusu heshima ya kazi.

Lakini hoja hii hujibu swali moja tu, nalo ni: kitu hiki kilikuwaje kilipozaliwa? Swali jingine, kitu hiki kimekuwa nini tangu hapo, lajibiwa na kijiko kilicholika, na kile kizima hakina la kusema. Yote mawili ni maswali ya elimu, na hakuna lililo bora kuliko jingine. Kosa hutokea pale ambapo jibu la swali la kwanza hufanywa ndiyo bei ya jumla, kana kwamba kuzaliwa ndiko kuishi, na yote yanayofuata ni uharibifu.

Kosa hilo huzaa jingine baya zaidi. Kwa kuwa ukingo mzima huuzwa ghali, wamekuwapo mafundi wanaoukata na kuuchonga upya ukingo ulioliwa upande mmoja ili pande mbili zilingane. Kijiko hutoka kidogo kuliko kilivyokuwa, lakini kimenyooka, na asiyejua hudanganyika. Katika karne ya 19 vijiko vingi vya karne iliyotangulia, vilivyokuwa vitupu na vya heshima, vilifumuliwa kwa nakshi za matunda na kupakwa dhahabu ili viuzwe kama vyombo vya fahari. Wengine wamevichukua vijiko vya kawaida na kuvigeuza vikawa na sanamu za mitume. Sheria ya Uingereza, hivi sasa ile ya mwaka 1973, huhesabu kuwa ni kosa kubadili chombo chenye mihuri bila ya idhini ya ofisi ya upimaji.

Sheria hiyo inamlinda mnunuzi asiibiwe. Ila jambo lenyewe lina upande mwingine ambao sheria haiuoni: aliyeibiwa kwanza ni mlaji na mtumishi, ambao alama yao pekee duniani imekatwa na kutupwa pamoja na chembe za fedha. Kukarabati si dhambi. Mpini uliovunjika na kuungwa, ukaonyesha kiungo chake, hauna la kuficha. Kiswahili kimejaalia neno mwiko liwe na maana mbili: kifaa cha kusongea, na lile lisilofaa kutendwa. Kama upo mwiko katika mambo ya vijiko, basi ni huu: kufuta ushahidi wa kazi ya mwingine ili chako kiuzike.

Upo pia mfano wa kijiko kilichoiacha kazi kwa hiari yake. Huko Wales, vijana walikuwa wakichonga vijiko vya mti na kuwapa wasichana waliowapenda. Kimoja cha mwaka 1667, miongoni mwa vya kale kabisa vilivyosalia, kimehifadhiwa katika makumbusho ya St Fagans karibu na Cardiff. Kadiri miaka ilivyopita, mipini ilizidi kupanuka. Ikachongwa mioyo, funguo, minyororo ya mti isiyo na kiungo, na vijigololi vilivyofungiwa ndani ya vizimba, vyote kutoka katika gogo moja. Mwishowe vijiko hivyo havikuweza kulia chakula tena. Vilikuwa barua. Lakini hata barua hiyo ilihitaji kubaki na umbo la kijiko, kwani ahadi iliyokuwa ikitolewa ilikuwa ya maisha ya kula pamoja. Pambo lilijua linamwazima nani heshima yake.

Na kipo kijiko kilichopita katikati ya njia hizi mbili. Ni kile cha kutawazia wafalme wa Uingereza, cha fedha iliyopakwa dhahabu, kinachoaminika kuwa ni cha karne ya 12. Kilitajwa katika orodha ya mwaka 1349, na hata wakati huo kilisemwa kuwa ni cha umbo la kale. Utawala wa kifalme ulipovunjwa mwaka 1649, mataji na vyombo vya kutawazia viliyeyushwa au kuuzwa. Kijiko hiki kilinunuliwa kwa shilingi 16 na Clement Kynnersley, mtu aliyekuwa akihudumu katika ghala la vifaa vya mfalme, naye akakirejesha baadaye kwa Charles wa Pili. Kikapambwa lulu kwa ajili ya sherehe ya mwaka 1661. Sehemu yake ya kuchotea imegawanywa kwa mfuo, ili askofu mkuu achovye vidole viwili katika mafuta. Kilitumika mwaka 1953, kikapumzika miaka 70, kikatumika tena mwaka 2023. Hakikuokolewa na mfalme, bali na mhudumu aliyetoa shilingi zake. Na kila kinapoitwa, huitwa kwa kazi.

Wengi, bila shaka, hawana lulu wala askofu. Pwani ya Waswahili ilikuwa na vichoteo vyake, kata na upawa, vyote vya kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti. Kata huachiwa kifuu kirefu, ili ichote maji mtungini. Upawa hukatwa kifuu kifupi, ili upakue mchuzi chunguni. Hakuna muhuri uliogongwa juu yake, wala herufi ya mwaka. Upawa ukipasuka hutiwa jikoni kuwa kuni, na mwingine hutengenezwa kwa kifuu cha nazi iliyokunwa juzi. Mtu aweza kusema kwamba hapo hakuna cha kale. Lakini umbo lenyewe limetoka mkono hadi mkono bila ya kuvunjika. Katika fedha, kitu hudumu na umbo hubadilika. Katika kifuu, kitu hupotea na umbo hudumu. Kutunza, basi, si kufungia sandukuni tu. Kutumia na kufundisha nako ni kutunza.

Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili kuliko masonara. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yaliishi vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa. Baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyafafanua, William Taylor akayahifadhi kwa maandishi, na hatimaye William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Kinywa hula neno hapa na pale, kama sahani inavyoula ukingo wa kijiko. Lakini lau watu wa Mombasa wangeliyafungia mashairi hayo yasitamkwe ili yasichakae, Mwalimu Sikujua asingelikuta cha kukusanya. Na lau Mwalimu asingeliketi kuyakusanya, kinywa nacho kingelisahau. Mwenye kusema na mwenye kutunza wanahitajiana, na hakuna haki ya mmoja kumwona mwenzake kuwa ni mharibifu.

Hapo ndipo jibu lilipo. Mnunuzi anayetaka mstari wa fundi na alipe zaidi kwa kijiko kizima. Hakuna dhuluma hapo. Dhuluma imo katika jina, anapokiita kile kingine kuwa kimeharibika. Kuharibika ni kuishiwa na kazi. Kijiko hiki kimepungua kwa kuifanya. Ni hukumu ileile inayopitishwa katika nyumba nyingi juu ya bibi ambaye vidole vyake vimepinda kwa miaka ya kukuna nazi na kusonga ugali, anapowekwa pembeni siku ya wageni ili sura ya nyumba ipendeze. Hakuna aliyemharibu. Wamekula mikononi mwake, nao ukingo umepungua kwa kadiri waliyoshiba.

Kiswahili kina mzizi mmoja unaolisema jambo hili: kula, kulisha, kulika. Mlaji hula, kijiko humlisha, na katika kumlisha kijiko hulika. Anayekishika kijiko cha namna hiyo na kukipitisha kidole gumba ukingoni, pale kushoto penye upogo, anagusa maelfu ya milo ya watu ambao hakuna orodha iliyowaandika. Na akikigeuza upande wa pili, ataona muhuri wa fundi umefifia. Vyote viwili visomwe.